Jua la Makomeno si Jua la Bruxelles

Mwezi wa Januari uliopita kijana mmoja wa katekesi yetu hapa Makomeno alitujia na karatasi ya mtihani mkononi, uso umekunjamana. Swali lilikuwa hivi: siku yenye mchana mfupi kuliko zote katika mwaka ni ipi? Naye alikuwa ameandika: tarehe 21 ya mwezi wa sita. Mwalimu akapiga msalaba mwekundu juu ya jibu, akaandika pembeni: 21 Desemba. Alama mbili zikapotea. Kijana akatuuliza, "Mwalimu, si tulipima wenyewe kwa kijiti? Basi aliyedanganya ni nani, kijiti ama kitabu?"

Shule ile hatutaitaja, wala mwalimu yule hatumjui kwa ubaya. Amefundisha alivyofundishwa, na aliyemfundisha yeye naye alisoma kitabu kilichoandikwa na mtu wa Ulaya kwa watoto wa Ulaya. Lakini swali la kijana halikutuacha tulale. Maana kama mtoto ameona kwa macho yake, akaandika alichokiona, halafu akaadhibiwa kwa sababu ya kuona, kesho atafanya nini? Atafumba macho na kukariri. Na mtoto aliyezoea kukariri asichokiona shuleni, atakariri hata katekisimu vivyo hivyo, bila kuamini neno moja. Ndiyo sababu sisi makatekista, ambao kazi yetu si kufundisha jiografia, leo tumeshika kalamu juu ya habari ya jua.

Kijiti hakikudanganya. Mji wetu wa Lubumbashi uko nyuzi 11 na dakika 40 hivi kusini ya ikweta. Tarehe 20 au 21 Juni jua hufika mwisho wa safari yake ya kaskazini, na kwetu sisi tulio kusini mchana huwa mfupi kuliko siku zote: saa 11 na dakika 26 hivi. Tarehe 21 au 22 Desemba jua hufika mwisho wa safari yake ya kusini, na mchana wetu huwa mrefu kuliko siku zote: saa 12 na dakika 48. Toa hesabu, utapata saa moja na dakika 22. Wataalamu huita siku hizo mbili solstisi. Sisi tuliopita seminari tulilifundishwa neno hilo kwa Kilatini, maana yake ni jua kusimama, kwa kuwa siku zile jua likichomoza laonekana kama limesimama mahali pamoja kabla ya kugeuka nyuma. Tulilikariri vizuri sana. Lakini hakuna aliyetuambia tutoke nje tutazame, nasi hatukutoka.

Katika saa zote tutakazozitaja hapa tunahesabu kama ofisi na shule za mji wetu zinavyohesabu. Saa 6 ya asubuhi kwetu ndiyo ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita saa 12. Tumelisema hili ili asiwepo mtu wa kutucheka bure.

Basi mwaka jana tuliwatoa vijana nje. Tulisimamisha fimbo ya metro moja, wima, penye udongo ulio sawa. Mwezi wa Juni, adhuhuri, kivuli chake kilikuwa sentimita 70, nacho kilielekea kusini, kwa kuwa jua lilikuwa upande wa kaskazini. Mwanzo wa Desemba kivuli kilikuwa kama sentimita 20 tu, nacho kilielekea kaskazini. Vijana walishangaa kuliko tulivyotazamia. Mmoja akasema, "Kumbe jua linatuvuka!" Naam, linatuvuka, na mara mbili kwa mwaka lapita juu ya utosi wetu kabisa: karibu na tarehe 24 Oktoba likienda kusini, na karibu na tarehe 18 Februari likirudi. Adhuhuri ya siku hizo fimbo haina kivuli. Na jambo jingine lililowapendeza ni kwamba adhuhuri yenyewe haifuati saa ya ukutani. Mwezi wa Oktoba jua lafika juu dakika chache kabla ya saa 12, na mwezi wa Februari lachelewa mpaka saa 12 na dakika 24. Hapo tuliacha somo letu tulilolitayarisha, tukakaa tunajibu maswali mpaka mama zao wakatuma watu kuwatafuta.

Wako wanaosema: "Ninyi mnatafuta makuu. Kongo ni nchi ya ikweta, mchana saa 12, usiku saa 12, basi." Anayesema hivyo asema kweli kwa Mbandaka, mji ulio juu ya ikweta yenyewe, kule mwaka wote mchana haubadiliki. Lakini nchi yetu ni kubwa. Aliye Gbadolite yuko kaskazini ya ikweta, na mwezi wa Juni mchana wake unazidi saa 12 na dakika 20, wakati sisi tunazima taa ya mbinguni mapema. Serikali yenyewe imeipa nchi hii saa mbili: Kinshasa ikiwa saa 12, Lubumbashi ni saa 13. Ikiwa tumekubali kwamba saa ya Kinshasa si saa yetu, kwa nini tukubali kwamba jua la Bruxelles ni letu? Kule Bruxelles mwezi wa Juni mchana hufika karibu saa 16 na nusu, na mwezi wa Desemba haufiki hata saa 8. Kitabu kinachowafundisha watoto wa kule mambo hayo kinasema kweli. Kikifunguliwa Katanga, sentensi ile ile imekuwa uongo, ingawa hakuna herufi iliyobadilishwa.

Wengine husema: "Lakini Desemba twaona giza, mawingu na mvua, Juni mbingu ni safi na jua lang'aa. Itakuwaje Juni iwe na mchana mfupi?" Hao tunawaheshimu zaidi, maana wametazama. Ila wamechanganya mambo mawili. Jua kuwaka ni habari ya mawingu; urefu wa mchana ni habari ya jua kuchomoza na kuzama. Tarehe 21 Desemba jua lachomoza kwetu saa 5 na dakika 44, lazama saa 18 na dakika 32, hata kama mvua imelifunika tangu asubuhi hadi jioni. Tarehe 21 Juni lachomoza saa 6 na dakika 29, lazama saa 17 na dakika 55, hata kama mbingu haina wingu hata moja. Asiyeamini na asimame mahali pamoja asubuhi, aelekee mashariki, achague mti mmoja wa jirani. Mwezi wa Juni jua litatokea kushoto kwa mti, Desemba litatokea kulia. Wanawake wanaoamka mapema kuwasha makala wamekwisha kuyaona hayo. Hakuna aliyewauliza, ndiyo maana hayamo vitabuni.

Tena wako wale wa simu. Kila mwaka ifikapo Juni na Julai, watu wakianza kujifunika mablanketi, unazunguka ujumbe usemao kwamba dunia imekwenda mbali na jua, ndiyo sababu ya baridi na mafua, nasi tuombwe tunywe hiki na kile. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai dunia iko mbali na jua kuliko wakati mwingine, kilometa milioni 152 hivi, na mwanzoni mwa Januari iko karibu zaidi, kilometa milioni 147. Lakini ndugu, fikiri kidogo tu. Siku ile ile tunapotetemeka Makomeno, watu wa Ulaya wanavua makoti kwa joto. Je, wao wako kwenye dunia nyingine? Baridi yetu haitoki katika umbali. Dunia imeinama nyuzi 23 na nusu karibu, nayo huzunguka jua ikiwa imeinama hivyo hivyo. Mwezi wa Juni sehemu ya kaskazini imeelekezwa kwenye jua, sisi wa kusini tumepewa mgongo. Jua letu lapita chini zaidi, lakaa muda mfupi zaidi, na kwa kuwa mji wetu uko juu, metro 1,200 hivi, na usiku wa kiangazi hauna mawingu ya kuzuia joto lisitoroke, alfajiri yake tunaijua. Joto kali lenyewe halingojei Desemba. Laja Septemba na Oktoba, jua linapotukaribia juu na mvua bado, wakati mijakaranda inapochanua katika barabara za mji.

Sasa tuje nyumbani kwetu, yaani kanisani, maana itakuwa vibaya kumpiga mwalimu wa shule fimbo na kujiachia sisi wenyewe.

Ni mara ngapi tumesikia, na tukisema kweli, ni mara ngapi tumehubiri wenyewe katika ibada za Dominika pasipo padri, kwamba Noeli imewekwa katika siku za giza kuu, siku mchana ulipokuwa mfupi, na tangu hapo nuru inaanza kukua? Tunasema hivyo tukiwa tumetokwa jasho, milango ya kanisa imefunguliwa, nje mahindi ni mabichi, maembe yanauzwa kila kona, na mchana wetu ndio mrefu wa mwaka wote. Tangu Noeli kwetu mchana hauanzi kukua, unaanza kupungua! Mama mmoja mzee, mkulima, baada ya mahubiri ya namna hiyo alituuliza polepole, "Mwanangu, hilo giza liko wapi?" Tukacheka, tukamjibu kwamba ni mfano. Leo tunaona haya kwa jibu lile. Mfano usioonekana na msikilizaji si mfano tena, ni kitendawili kisicho na jibu.

Mtu atasema tunaharibu mapokeo ya kale. Atatutajia Mtakatifu Agostino, ambaye katika mahubiri yake aliwaonyesha waamini kwamba Yoane Mbatizaji alizaliwa wakati mchana unapoanza kupungua, na Kristu wakati mchana unapoanza kukua, kama Yoane mwenyewe alivyokiri kwamba imempasa yeye apungue na Mwingine azidi. Vema sana. Lakini Agostino alihubiri wapi? Alikuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria na waitwa Annaba. Ni Afrika, lakini Afrika ya kaskazini, mbali kabisa na ikweta. Wakristu wake walipotoka kanisani mwezi wa Desemba waliuona mchana mfupi kwa macho yao. Agostino hakusoma mbingu za watu wengine. Alinyoosha kidole kwenye mbingu iliyokuwa juu ya vichwa vya wasikilizaji wake. Basi ni nani anayemfuata Agostino kweli: yule anayerudia maneno yake chini ya mbingu nyingine, ama yule anayefanya kama yeye alivyofanya?

Wala Kanisa halikuogopa kamwe kutazama jua. Someni habari ya Papa Gregori wa 13. Kalenda ya zamani ilikuwa imechelewa, hata siku ya mwezi wa Machi ambayo mchana na usiku huwa sawa ilikuwa imerudi nyuma siku kama 10, na hesabu ya Pasaka ikaharibika. Papa alifanyaje? Je, aliliamuru jua lifuate kitabu? Hata kidogo. Mwaka 1582 alikirekebisha kitabu kilifuate jua: baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata tarehe 15, siku 10 zikafutwa. Karibu ulimwengu wote leo wahesabu siku kwa kalenda ile. Kama Papa aliweza kufuta siku 10 kwa ajili ya ukweli wa mbingu, sisi tunashindwa kufuta sentensi moja katika mahubiri?

Tena nchi yetu si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1988 Roma ilikubali namna yetu ya kuadhimisha Misa, yenye nyimbo zetu, kucheza kwetu na kuwaita wahenga wetu. Tumeruhusiwa kumsifu Mungu kwa miguu yetu. Macho yetu je, bado tutaazima?

Hatusemi Noeli ihamishwe. Mungu atuepushe na wazimu huo. Twasema tu, anayehubiri Noeli Katanga aanze na mambo yaliyopo: nuru imejaa, mvua imeshuka, bowa wameanza kuuzwa barabarani, na katika wingi huo Mungu amekuja mdogo na maskini. Na anayehubiri sikukuu ya Yoane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, awaambie watu wa Makomeno: leo ni asubuhi ya baridi, usiku wetu ndio mrefu wa mwaka, na Yoane alikuwa taa iliyowashwa kabla ya kucha. Siku tatu tu zimepita tangu jua ligeuke kuja kwetu. Tulilisema hivyo mwaka jana katika jumuiya yetu ndogo. Mzee mmoja ambaye huwa anasinzia hakusinzia.

Lakini yote hayo ni maneno bado, na liko jambo lililotuuma kuliko maneno. Kwa miaka mingi katekesi yetu ya jioni ilianza saa 16 na nusu na kwisha saa 18 na dakika 10, mwaka wote, bila kubadilika. Desemba hakuna neno: jua bado liko juu ya paa, watoto wafika kwao wakicheza. Mwaka jana, wiki ya tatu ya Juni, tuliwaachilia saa 18 na robo kwa sababu tulipenda kumaliza sura. Jua lilikuwa limezama dakika 20 zilizopita. Huku kwetu machweo hayakawii kama ya Ulaya; dakika 20 zikipita, uso wa mtu humwoni. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Binti mmoja wa miaka 11 alikamatwa njiani na vijana wawili, wakamnyang'anya mfuko na viatu, akafika kwao analia, mguu unatoka damu. Mungu alimlinda na mabaya zaidi. Baba yake alikuja kwetu usiku ule ule. Hakutukana. Alisema tu, "Walimu, ninyi mnafundisha watoto wawe wana wa nuru, na mnawarudisha kwangu gizani."

Hatukuwa na la kujibu. Tulijua neno solstisi kwa Kilatini; hatukujua kwamba mwezi wa Juni jua la Makomeno huzama saa 18 kasoro dakika 5. Ndiyo sababu hatumhukumu mwalimu wa kijana yule. Kosa lake liligharimu alama mbili. Letu liligharimu zaidi.

Tunayasema haya kwa sauti kwa kuwa twajua si sisi peke yetu. Kwaya zinafanya mazoezi hadi usiku mwezi wa Julai kwa saa zile zile za Desemba. Misa ya asubuhi ya saa 6 mwezi wa Juni yawatoa wazee nyumbani nusu saa kabla ya jua, katika baridi na giza, na wachungaji hushangaa kwamba viti havijai, wanalaumu imani iliyopoa. Kilichopoa ni hewa, mapadri wetu wapenzi! Watoto wanaokaa mbali na shule wanaondoka nyumbani usiku bado. Na wazazi, ambao ndio wa kwanza kuona, wananyamaza kwa kuwa saa ya shule na ya kanisa imekuwa kama amri ya kumi na moja. Msinyamaze. Waambieni walimu, waambieni makatekista, waambieni maparoko kwa heshima yote, lakini waambieni.

Kwa upande wetu tumekwisha kukata shauri. Tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti katekesi itaanza saa 15 na nusu, nayo itakwisha saa 17 kamili, hata kama tuko katikati ya sura, hata kama tuko katikati ya sala ya mwisho. Mama mmoja alituambia saa 15 na nusu ni vigumu, maana binti zake bado wanateka maji. Neno lake ni la haki, nalo bado tunalitafutia njia. Labda wasichana wataanza Jumamosi. Aliye na shauri bora atuletee.

Na karatasi ya kijana tunayo bado. Fimbo nayo iko pale pale, nyuma ya nyumba ya katekesi, penye udongo ulio sawa. Mwalimu wake tunamkaribisha kwa upendo tarehe 21 Juni, aje na kitabu chake na futi ya kupimia. Afike kabla ya saa 12 na dakika 12 ya mchana, ndiyo adhuhuri yetu siku ile. Kivuli kitaelekea kusini.